Mkataba ukitaja teknolojia kwa jina, siku teknolojia hiyo ikizimwa nani analipa?

KalamuNyeusi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu. Leo nalileta hapa kwa sababu najua humu wamo wengi wanaosaini mikataba ya miaka mitano, saba, hata kumi, kwa vitu ambavyo havitafika miaka hiyo.

Niliwahi kusimamia mkataba wa vifaa vya kufuatilia magari, wa miaka saba. Tuliuandaa kwa makini: bei, muda wa fundi kufika, faini za ucheleweshaji, bima. Kwenye kiambatisho cha kiufundi tukaandika kwamba vifaa vitatuma taarifa "kwa mtandao wa 3G". Mwaka wa nne kampuni ya simu ikatangaza kuzima 3G. Tukamwandikia mtoa huduma kumuuliza atatubadilishia lini. Akatujibu kwa aya mbili, kwa adabu kabisa: mliagiza vya 3G, tukaleta vya 3G, vinafanya kazi kama ilivyoandikwa, na mtandao si wetu. Usiku ule niliusoma mkataba ukurasa kwa ukurasa nikitafuta pa kushika. Hapakuwepo. Kwa maandishi yetu wenyewe, haki ilikuwa yake. Tulinunua vifaa vyote upya, na malipo ya kila mwezi ya mkataba ule yakaendelea kutoka mpaka tulipokubaliana kuuvunja.

Kinachoniuma ni kwamba haikuwa siri. Mitandao ya zamani huzimwa kwa matangazo ya mapema. Marekani, AT&T ilizima 3G yake Februari 2022 na Verizon ikafuata mwisho wa mwaka huohuo. Australia walimalizia mwaka 2024. Wanaoumia huwa walewale: wenye ving'ora vya majengo, simu za dharura ndani ya lifti, mita, vifaa vya magari. Ni vitu ambavyo vikishafungwa ukutani husahaulika.

Hatukuhitaji utabiri. Tuliandika jina la kifaa mahali palipohitaji kuandikwa kazi yake. Tungeandika "kifaa kitatuma mahali gari lilipo kila baada ya sekunde 60, kwa njia yoyote ya mawasiliano inayopatikana, kwa muda wote wa mkataba", mzigo wa kuzimwa 3G ungekuwa wa mtoa huduma tangu siku ya kwanza. Angeuingiza kwenye bei, ndiyo. Lakini tungeuona, tungeujadili, na tungejua tunalipia nini.

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu na vifungu vya aina hii, leteni.

Mchambuzi_Huru

Mkuu, pole sana. Naomba kuuliza: kifungu cha majanga yasiyozuilika hakikuwasaidia? Mtandao kuzimwa ni jambo lililo nje ya uwezo wenu wote wawili.

KalamuNyeusi

Nilikimbilia hapohapo, mkuu, na mwanasheria wetu akanirudisha. Kifungu kile humwondolea lawama aliyeshindwa kutekeleza. Mtoa huduma hakuwa amelaumiwa kwa lolote, na sisi wajibu wetu ulikuwa kulipa, na kulipa kulikuwa kunawezekana. Isitoshe, jambo lililotangazwa miaka miwili kabla huwezi kuliita janga.

Tukajaribu hoja ya "mazingira yamebadilika". Hapo inategemea sheria inayotawala mkataba wako, na tofauti ni kubwa. Kwa sheria ya Kiingereza mlango ni mwembamba mno. Kesi inayosomwa na kila mwanafunzi ni ya mwaka 1956, mkandarasi Davis dhidi ya halmashauri ya Fareham: alikubali kujenga nyumba 78 kwa miezi minane, mafundi wakawa haba, kazi ikachukua miezi 22. Aliomba mkataba uhesabiwe kuwa umekufa ili alipwe kwa thamani ya kazi aliyofanya. House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa huko wakati huo, ikakataa. Ugumu na hasara havitoshi, lazima wajibu wenyewe uwe umegeuka kuwa kitu kingine kabisa.

Ufaransa, tangu 1 Oktoba 2016, kifungu cha 1195 cha sheria yao ya madai kinamruhusu aliyeelemewa na mabadiliko yasiyotabirika kuomba majadiliano upya, huku akiendelea kutekeleza. Wakishindwana, jaji anaweza kuurekebisha mkataba au kuumaliza. Ujerumani nao wana kifungu cha 313 kinachoelekea hukohuko. Lakini kote huko swali la kwanza ni lilelile: je, hukuweza kulitarajia? Nani leo atasimama mbele ya jaji aseme hakutarajia teknolojia kubadilika ndani ya miaka saba? Ndiyo maana nasema jambo hili linamalizwa kwenye kuandika. Ukifika mahakamani umeshachelewa.

FundiSeva

Nataka niseme upande wa pili, maana naona watoa huduma tunaelekea kuvishwa kofia ya ubaya.

Mimi niko upande wa kuuza. Tuliwahi kusaini mkataba wenye maneno haya: "Mtoa huduma atahakikisha mfumo unatumia teknolojia ya kisasa wakati wote." Mwaka wa tatu mteja akaona mfumo wa jirani yake unaendeshwa kwa simu ya mkononi, wetu ulikuwa wa kompyuta. Akatuambia wetu si wa kisasa, tuujenge upya, bure. Tulibishana miezi mitano kuhusu neno moja. Kisasa cha lini? Cha nani? Hakuna aliyeweza kujibu, kwa sababu walioandika hawakujiuliza.

Wateja wanataka mkataba unaowalinda dhidi ya mabadiliko, na hapohapo wanataka kila kipya kinachotoka. Kila mabadiliko yana saa za watu ndani yake. Mimi nikisoma kifungu kinachosema nibebe yote, nina njia mbili: niongeze bei mara mbili, au nisaini nikiomba Mungu. Wengi husaini wakiomba Mungu, halafu mteja anakuja kushangaa mtoa huduma amefilisika katikati ya kazi.

KalamuNyeusi

Umesema kweli, mkuu, na neno "kisasa" ningelipiga marufuku kwenye mikataba yote.

Nilichojifunza baadaye ni kuacha kuzungumzia "mabadiliko" kana kwamba ni kitu kimoja. Kiraka cha usalama hakifanani na skrini mpya yenye rangi nzuri. Kile ambacho mfumo hauwezi kuishi bila hicho, yaani viraka vya usalama na kuhama kutoka toleo lisiloungwa mkono tena, kiwe ndani ya bei ya kawaida, na mteja asiulizwe pesa. Kile ambacho mteja anakitaka kwa sababu amekiona kwa jirani kipitie ombi la mabadiliko: kiandikwe, kikadiriwe saa na gharama, kisainiwe ndipo kazi ianze. Ugomvi wa kweli uko katikati, pale mtu wa tatu anapobadilisha jambo: sheria mpya, mtandao kuzimwa, mtengenezaji kuacha bidhaa. Hapo mimi huandika kipimo kimoja: je, siku ya kusaini lilikuwa limeshatangazwa hadharani? Kama ndiyo, anayejua fani ndiye anayebeba, na mwenye fani ni mtoa huduma. Kama halikuwa limetangazwa, mnagawana kwa uwiano ulioandikwa tayari.

Mikataba mingine inakosea kwa kutaja usalama kwa undani uliogandishwa. Nimeona kiambatisho kinacholazimisha TLS 1.0, itifaki ya kulinda mawasiliano ya intaneti ambayo wanaosimamia viwango vya intaneti waliitangaza rasmi mwezi Machi 2021 kuwa isitumike tena, pamoja na 1.1. Nimeona kingine kinacholazimisha wafanyakazi kubadili nywila kila baada ya siku 90, ilhali NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu 2017 inashauri watu wasilazimishwe kubadili bila dalili kwamba nywila imevuja. Aliyetii mkataba alipunguza usalama, na aliyeongeza usalama alivunja mkataba. Andikeni "kwa toleo linalopendekezwa wakati huo na" kisha mtaje taasisi inayotoa kiwango, pamoja na muda wa kuhamia baada ya kiwango kubadilika. NIST hiyohiyo, Agosti 2024, ilitoa viwango vitatu vya kwanza vya usimbaji unaokusudiwa kuhimili kompyuta za kwanta. Mkataba wa miaka kumi unaosainiwa leo utakutana na kazi hiyo ya kuhama, jiandaeni.

MpigaChapa

Naomba niingize upande wa vitabu na muziki, maana huko vita hivi vimepiganwa zamani na vina mafunzo mazuri.

Mwaka 1939 Disney ilipewa leseni ya kutumia muziki wa mtunzi Stravinsky katika filamu. Mwaka 1991 filamu hiyo ikatolewa kwa kanda za video, kitu ambacho 1939 hakikuwepo. Wenye haki wakashitaki. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ikasema maneno ya leseni yalikuwa mapana kiasi cha kuchukua na video, na aliyetaka kuizuia ndiye aliyepaswa kuandika zuio.

Miaka michache baadaye mchapishaji Random House akaenda kuizuia Rosetta Books isiuze matoleo ya kielektroniki ya vitabu ambavyo yeye alikuwa na haki ya kuvichapa "katika umbo la kitabu". Mwaka 2001 jaji alikataa kutoa zuio, akisema maneno hayo hayaelekei kufika kwenye kitabu cha kielektroniki. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ileile ikaunga mkono. Mahakama moja, matokeo mawili, na kilichoyatofautisha ni upana wa maneno machache yaliyoandikwa na watu ambao hawakuiwazia teknolojia iliyokuja.

Wajerumani waliwahi kuwa na msimamo mkali zaidi: mpaka mwisho wa 2007, mwandishi hakuweza kabisa kuuza haki ya matumizi ambayo bado hayajulikani. Tangu 1 Januari 2008 inaruhusiwa, lakini kwa maandishi, na mwandishi anaweza kuirudisha haki hiyo. Mchapishaji akitaka kuanza matumizi mapya anamtumia taarifa, na mwandishi ana miezi mitatu ya kukataa. Mimi napenda utaratibu huo. Unamwachia mwenye kazi neno la mwisho siku ambayo ndipo tu anajua thamani ya anachokitoa. Nawaambia waandishi wanaonijia: ukiona "kwa njia zote zilizopo na zitakazovumbuliwa", usisaini kabla hujauliza asilimia ya hizo zitakazovumbuliwa ni ngapi. Kuiacha wazi ni kuitoa bure.

MwanaChama_Hai

Nasoma hapa mnazungumzia vifaa na kanda. Wengine sisi ndio tunaobadilishwa.

Mkataba wa hali bora, ule wa chama cha wafanyakazi na mwajiri, nao ni mkataba, na kifungu chake cha teknolojia ndicho kinachoamua kama mashine mpya itaingia kwa mazungumzo au kwa tangazo la ubaoni. Nimeshuhudia ya tangazo la ubaoni. Watu wenye miaka ishirini kazini walisoma jina la mashine kabla ya kuambiwa na msimamizi wao.

Mwaka 1960, makontena yakianza kubadilisha bandari, wapakuzi wa pwani ya magharibi ya Marekani, chama chao ILWU kikiongozwa na Harry Bridges, walisaini makubaliano na waajiri. Waliruhusu mashine. Kwa kubadilishana, waajiri walichangia dola milioni 5 kila mwaka kwenye mfuko wa kulinda kipato cha waliobaki na kuwawezesha wazee kustaafu mapema. Kuna waliomlaumu Bridges kwamba aliuza kazi. Mimi namwona alisoma maji yalikokuwa yanaelekea, akadai sehemu ya faida wakati bado alikuwa na nguvu ya kudai.

Kanada, kwa waajiri walio chini ya sheria ya kazi ya shirikisho, mabadiliko ya kiteknolojia yatakayogusa idadi kubwa ya wafanyakazi yanatakiwa kutolewa taarifa siku 120 kabla, ikieleza ni mabadiliko gani, yataanza lini, na yatawagusa wangapi. Siku 120 zinatosha kukaa mezani. Na waigizaji wa Marekani mwaka 2023 waligoma kuanzia 14 Julai hadi 9 Novemba, na moja ya walichopata ni kwamba sura na sauti ya mtu haitengenezwi upya kwa kompyuta bila ridhaa yake na malipo.

Kwa hiyo wakuu, mkiandika hivyo vifungu vyenu vya kuboresha mfumo, wekeni na mstari wa mafunzo kwa wanaoutumia. Mfumo mpya bila mafunzo ni kumwandalia mtu barua ya onyo.

KalamuNyeusi

Asante sana, mkuu. Nakiri kwamba mikataba yangu yote haikuwa na huo mstari. Nilihesabu vifaa, wala sikuwahi kuhesabu madereva na waongoza magari waliokuwa wanaitazama ile ramani kila siku.

Dada_wa_Data

Swali langu ni la akili mnemba. Tunamhudumia mteja kwa mfumo unaojibu barua zake, na chini yake tunatumia modeli ya kampuni nyingine. Modeli ikibadilishwa, majibu yanabadilika hata kama sisi hatujagusa kitu. Hilo linaandikwaje?

KalamuNyeusi

Dada, wewe umekaa kati ya mikataba miwili, na hapo ndipo watu wengi wanaangukia. Chukua mfano ulio wazi. Julai 2023 OpenAI, kampuni inayotengeneza modeli za akili mnemba, ilitangaza kwamba modeli zake kadhaa za zamani, ikiwemo text-davinci-003, zingezimwa 4 Januari 2024. Ni kama miezi sita. Sasa kama wewe umemwahidi mteja wako taarifa ya miezi 12, na aliye juu yako anakupa sita, ile sita inayobaki ni deni lako peke yako. Soma kwanza unachopewa, ndipo uahidi.

La pili, usiahidi modeli. Ahidi matokeo yanayopimika. Kaeni na mteja mchague barua halisi, tuseme 300, zenye majibu mnayoyakubali nyote, muziambatishe kwenye mkataba. Kila modeli inapobadilika, mfumo unapimwa kwa barua hizohizo kabla haujaanza kutumika, na kuna kiwango cha chini mlichokubaliana. Kisipofikiwa, mteja ana haki ya kubaki na toleo la zamani kama bado lipo, au kutoka bila faini. Na msikubali kifungu cha "tunaweza kubadilisha huduma wakati wowote bila taarifa" bila angalau kuongeza "mradi mabadiliko hayo hayatapunguza" kisha mtaje ni nini hakitapungua.

Mchambuzi_Huru

Wakuu, tunafaidika. Lakini tunaomba maneno yenyewe. Mtu akitaka kuandika kesho, aandike nini?

KalamuNyeusi

Hiki ndicho ninachoanzia siku hizi. Kipelekeni kwa mwanasheria wenu akilinganishe na sheria yenu:

"Mtoa Huduma atamjulisha Mteja kwa maandishi, si chini ya miezi 12 kabla, endapo kifaa, programu au njia ya mawasiliano inayotegemewa na Huduma itakoma kutengenezwa, kuungwa mkono au kupatikana, na endapo yeye mwenyewe atapata taarifa hiyo kwa kuchelewa, atamjulisha Mteja ndani ya siku 10 tangu aipate. Ndani ya siku 30 tangu taarifa kwa Mteja, Mtoa Huduma atawasilisha mpango wa mbadala unaoonyesha gharama, muda, mafunzo kwa watumiaji na athari kwa data za Mteja. Endapo ukomo huo ulikuwa umetangazwa hadharani kabla ya tarehe ya kusaini Mkataba huu, gharama zote za mbadala zitakuwa za Mtoa Huduma. Endapo haukuwa umetangazwa, gharama zitagawanywa kwa uwiano uliotajwa katika Kiambatisho. Pande zikishindwa kukubaliana kuhusu mpango ndani ya siku 60, Mteja anaweza kusitisha sehemu ya Huduma iliyoathirika bila faini, na Mtoa Huduma atamkabidhi data zake zote katika muundo unaosomeka na mifumo mingine."

Hayo maneno ya mwisho kuhusu data msiyafute mkibanwa kwenye majadiliano. Haki ya kuondoka bila data ni haki ya karatasi tu. Umoja wa Ulaya umelitungia sheria kabisa: tangu 12 Septemba 2025, mteja wa huduma za wingu anaweza kuhama kwa notisi isiyozidi miezi miwili, na tangu 12 Januari 2027 hatatozwa ada ya kuhama. Walio nje ya sheria hiyo inabidi wajiandikie wenyewe.

FundiSeva

Kifungu hicho mimi ningekisaini. Uwiano wa gharama ndio ningepigania, lakini angalau naona ninachopigania.

Mlinda_Jengo

Wiki hii tunasaini mkataba wa miaka 15 wa milango ya kielektroniki na kamera. Muda umebana, hatuwezi kuandika upya kila kitu. Nianze na lipi?

KalamuNyeusi

Waandikie leo, uwaombe orodha ya kila kifaa na kila programu iliyomo, na mbele ya kila kimoja tarehe ambayo mtengenezaji ataacha kukiunga mkono. Tarehe hizi mara nyingi ziko hadharani. Windows 10, kwa mfano, ukomo wake wa 14 Oktoba 2025 ulijulikana miaka mingi kabla, na bado watu waliendelea kufungiwa mashine zenye mfumo huo kwa mikataba mirefu.

Na kwa kuwa ni miaka 15, uliza jambo moja zaidi. Vifaa vingi vidogo huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, na vile vinavyotumia namba ya biti 32 vitafika mwisho wa hesabu 19 Januari 2038. Tarehe hiyo iko ndani ya mkataba wako. Mlango unaofunguka kwa ratiba unaitegemea saa yake.

Mlinda_Jengo

Mrejesho, wakuu. Orodha imekuja. Vidhibiti vya milango wameandika vitaungwa mkono hadi mwisho wa mkataba na wamethibitisha kwa maandishi suala la 2038. Kamera ukomo wake ni mwaka wa sita, na wamekubali kuzibadilisha kwa gharama yao. Taarifa ya miezi 12 wameikata, wanatoa tisa. Kilichobaki ni seva: wameandika "kadiri itakavyohitajika".

KalamuNyeusi

Tisa ichukue. Kwenye seva rudisha karatasi, waambie waweke mwaka.